Kigelegele Kiwanjani Amaan

Mtawanya, Mtwara
14 Oktoba 1973

Mwanangu Mastura,

Kabla hujasoma lolote, tazama mwandiko. Si wa karani wa posta, wala si wa mwalimu Yohana. Ni wangu mimi mamako, Somoe binti Muhidini. Nimeingia kisomo cha watu wazima tangu mwaka juzi, na herufi zangu zilizokuwa kubwa kama kuku sasa zimekuwa vifaranga, zinatembea kwa mstari. Mwalimu Yohana anasema darasa zima hakuna anayenifikia. Magreth jirani anasema mwalimu huwaambia wote hivyo. Magreth ni mtani wangu, ana ruhusa ya kusema upuuzi.

Wifi yangu, shangazi yako Ashura, ameniletea habari kwamba umechaguliwa kuingia kwenye halaiki ya sherehe ya Januari, ndani ya kile kiwanja kikubwa cha huko Unguja. Wewe, mtoto wa Mtawanya. Barua ilinikuta juu ya mkeka napepeta korosho, nikaziacha kuku wakazila. Nilikwenda nyumba kwa nyumba mpaka Shangani ya huku kwetu Mtwara, ambako sina hata ndugu. Nikawaambia wanawake wa kule kuwa mwanangu atasimama kiwanjani mbele ya wageni wa nchi nyingi, na kila jicho litamwona.

Sasa nieleze, maana watu wananiuliza na mimi sina jibu. Kiwanja hicho kina paa? Watu wakikaa ngazi kwa ngazi, wa nyuma haoni visogo vya wa mbele? Mvua ikinyesha wanakimbilia wapi? Nani anazuia mbuzi? Hapa kwetu kiwanja cha mpira ni mchanga, na goli moja limeegemea mkorosho wa watu, mchezo husimama mpaka mwenye mkorosho aokote zake. Magreth anasema kiwanja ni kiwanja, hata kikiwa na ngazi. Nataka nimfunge mdomo, kwa hiyo usiache kitu.

Halafu niambie umekuwa mrefu kiasi gani. Shangazi yako alipokuja kukuchukua baada ya eda yangu, meno yako ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Mimi nikikuota usiku, bado huna meno.

Mama yako,
Somoe binti Muhidini


Kikwajuni, Unguja
5 Novemba 1973

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nilipoipokea niliigeuza mara kadhaa nikidhani imekosea mtu, maana mwandiko wako sijapata kuuona. Bibi shangazi aliposikia nimeisoma kwa sauti alisema, "Hii ni sauti ya Somoe kabisa, hata pumzi hakuweka." Usikasirike, alisema kwa kucheka.

Kiwanja cha Amaan hakina paa pote. Pana paa upande mmoja tu, pale wanapokaa wageni wa heshima. Kwengine kote ni ngazi za zege, na kila ngazi imepandishwa juu ya mwenzake, kwa hiyo wa nyuma anaona juu ya kichwa cha wa mbele. Mvua ikinyesha tunaroa. Mbuzi hawaingii kwa sababu mna ukuta na milango ya chuma, na mzee mmoja mkali ambaye hata sisi hatuachii. Majani ya katikati ni mafupi sana. Mimi na wenzangu tulivua viatu siku ya kwanza tukayakanyaga, tukafukuzwa. Ukisema neno chini ya jukwaa, sauti inazunguka halafu inakurudia imekuwa nene. Tunalisema jina la Mwalimu Salumu, anayetufundisha halaiki, halafu tunakimbia.

Lakini mama, kuna jambo nataka nikwambie mapema. Sitasimama kiwanjani. Wanaocheza chini kwenye majani ni wengine. Sisi tunakaa. Kila mtoto amepewa kitabu kikubwa cha karatasi ngumu, kila ukurasa una rangi yake. Mwalimu Salumu anasimama ng'ambo na vibendera. Akiinua, sote tunafungua ukurasa mmoja kwa pamoja, tunauweka mbele ya uso, na waliokaa upande wa pili wanaona picha kubwa inayojaa jukwaa zima. Akishusha tunafungua mwengine, picha inageuka. Watu wote wanaona isipokuwa sisi.

Kwa hiyo hutaniona. Hakuna atakayeniona. Mtoto akionekana hata sikio, Mwalimu Salumu anasema picha imeoza.

Nilimuuliza ni picha za nini, akasema ni siri mpaka siku yenyewe. Ninachojua ni kwamba kwenye picha ya mwisho ukurasa wangu ni mweupe. Mwanakhamis, rafiki yangu anayekaa kuliani kwangu, wake ni mweusi. Karibu wote waliotuzunguka ni weusi. Mie peke yangu na wachache ni weupe. Kila nikilala najiuliza mimi ni nini.

Urefu wangu: nafika begani kwa bibi shangazi. Meno nnayo yote.

Mwanao,
Mastura


Mtawanya, Mtwara
25 Novemba 1973

Mwanangu Mastura,

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena. Unaniambia hutaonekana, na mimi nimeshawaambia watu mpaka Mikindani kuwa utaonekana. Wewe hujui jambo lako mwenyewe. Kitu hakipangwi mbele ya wageni wote hao ili kisionekane.

Basi nikaamua kujua kinavyofanyika. Niliwakusanya wanawake wa kisomo pale kiwanjani petu, kila mmoja na kanga zake, nikawapanga chini kwa mistari kama ulivyoeleza. Wenye kanga nyekundu huku, wenye kaniki huku. Nilitaka watoe samaki. Magreth akapanda mkorosho atazame kutoka juu, maana mwenzetu huyo na umri wake wote bado anapanda. Nikainua kitambaa, wanawake wakajifunika. Tukangoja. Nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Namwona samaki, ila amekufa siku nyingi na kichwa kimeliwa na paka."

Kumbe Bi Halima aliyekuwa kichwa alikuwa ameinuka kutazama. Kila mtu alitaka kutazama, mwanangu. Tukaanza ugomvi, nani kamweka nani mkiani, mwisho tukaenda nyumbani kila mtu na njia yake. Ila mimi nilijifunza kitu: aliye ndani ya samaki hamwoni samaki. Kwa hiyo hapo umesema kweli, na nimekubali.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Nakuja. Chama kinapeleka akina mama wa kisomo kutoka mikoani waone sherehe, na Mtwara nimechaguliwa mimi na Bi Halima na wengine wachache. Tutapanda meli hadi Dar es Salaam, kisha tutavuka asubuhi ya siku yenyewe, na jioni tutarudishwa kabla giza halijaingia. Nimeuliza kama naweza kulala kwa wifi yangu, wamesema msafara haugawanyiki. Nimewauliza mara tatu, sasa wakiniona wananikwepa.

Ndiyo maana nataka ufanye jambo moja. Nakutumia kipande cha kanga nyekundu humu ndani ya bahasha. Siku hiyo jifunge kichwani. Mimi nitakuwa upande wa pili, nitakiona.

Unajua kwetu siku wali, wasichana waliochezwa, wanapotolewa unyagoni. Wanakaa chini wamefunikwa shuka wote, sawasawa, huwezi kujua huyu nani yule nani, na mama mtu anapita mbele yao akitazama miguu tu. Akimjua wake anapiga kigelegele kabla shuka halijaondolewa. Mama anayesubiri shuka liondolewe huchekwa mpaka kaburini. Mimi nilimtoa mtoto wa dada yangu, nilimtoa wa Bi Halima. Wewe ulichezwa huko Unguja, kigelegele akapiga shangazi yako. Simlaumu. Baba yako alipofariki, mtoto wa kaka yake ni wake, na alikulea vizuri, mimi nilibaki na shamba na madeni ya mazishi. Lakini cha kwangu kimenikaa kooni miaka yote hii. Nataka nikipige ndani ya kiwanja hicho chenye sauti nene.

Mama yako,
Somoe binti Muhidini


Kikwajuni, Unguja
12 Disemba 1973

Mama yangu,

Shikamoo. Nilifurahi mpaka nikamwaga uji wa bibi shangazi. Naye amefurahi, ila anasema Mtwara wangeleta watu wanyamavu.

Kitambaa nimekipokea. Kinanukia nyumbani, nimekiweka chini ya mto. Lakini mama, siwezi kukifunga. Mwalimu Salumu anatukagua mmoja mmoja kabla hatujapanda ngazi. Wiki iliyopita alimtoa mtoto mmoja kwa kuvaa kipini chenye kung'aa, na hakumrudisha. Na hata kama angeniruhusu, nisingevaa. Usinielewe vibaya. Tumekaa kwenye zege hili tangu Agosti, jua likituunguza mapaja, na mvua za vuli zimefanya kurasa zishikane, tunazibandua kwa mate. Kila mmoja akisema acha nionekane kidogo, tutakuwa kama samaki wako.

Tunakaa kiwanjani mpaka wageni wote wametoka. Kwa hiyo na mlangoni hatutaonana. Nilimuuliza mwalimu, akasema watoto ni wengi na mama ni wengi.

Nina ombi badala yake. Picha ya mwisho, ile yenye weusi mwingi na weupe kidogo, itazame kwa makini, kisha uniandikie ilikuwa nini. Mwanakhamis anasema ni uso wa mwanamke na mimi ni jino. Mwengine anasema ni usiku na mimi ni mwezi. Tumebishana mpaka tumechoka. Wanaokaa ng'ambo siku hiyo sitawajua wala hawatanijua, ila wewe. Katika watu wangu ni wewe peke yako utakayeona mie nilikuwa nini.

Na jambo jengine. Nimeliandika nikalifuta, nimeliandika tena. Ungenikuta njiani sokoni Darajani, nimevaa sare na wenzangu wa skuli, ungenijua?

Mwanao,
Mastura


Bandarini Mtwara
3 Januari 1974

Mwanangu,

Naandikia juu ya kikapu, meli inapakia magunia na sisi tunangoja. Bi Halima amekwisha kutapika na bado hatujapanda.

Swali gani hilo uliloniuliza. Mtoto hapotei machoni kwa mamake. Hata kuku anawajua vifaranga wake, sembuse mimi ninayejua kusoma.

Na hilo la kitambaa nimekuelewa. Unasema hapana kwa sababu barua inaweza kusomwa na mwalimu wako. Umefanya vizuri, akili hiyo ni ya upande wangu. Mimi nitatazama rangi nyekundu. Utajua mwenyewe namna ya kuipitisha.

Mama yako


Mtawanya, Mtwara
24 Januari 1974

Mwanangu Mastura, jicho langu, pambo langu,

NILIKUONA.

Nimeiandika kwa herufi kubwa kama zile za zamani, kwa makusudi. Nimerudi jana, miguu imevimba na sijafungua hata mlango wa jikoni, nakuandikia kwanza.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana nyinyi mlikuwa nyuma ya makaratasi. Tulikalishwa upande unaotazamana na wenu, juu kidogo. Kwanza nilifikiri ng'ambo pale hamna watu, ni ukuta tu umepakwa chokaa. Kisha ukuta ukageuka. Mama weee. Ukawa buluu, ukawa kijani, na sauti ile ya karatasi zote kugeuka pamoja, kama bata wengi wanaruka kutoka kwenye mpunga. Bi Halima akanishika mkono akaniumiza. Nilisahau hata majani na ngazi na mambo yote niliyotaka kumtazamia Magreth.

Picha zikapita, sikuwa nimekuona. Nikaanza kuogopa. Nitakwambia wewe, sitamwambia mtu mwingine: niliogopa tangu Dar es Salaam. Kila msichana mwenye sare niliyempita nilimtazama usoni nikijiuliza, na wengine walinisalimia kwa adabu wakidhani nimepotea njia.

Ikaja ile nyeusi. Jukwaa zima likawa giza, na katikati weupe. Na hapo hapo, pembeni ya ule weupe, pakatokea kitone chekundu. Kimoja. Chekundu kabisa, peke yake kwenye weusi wote ule, wazi kama pilipili kwenye wali.

Sikungoja shuka liondolewe. Nilisimama nikapiga. Nilipiga kigelegele mpaka nikasikia kinanirudia kutoka upande wenu kimekuwa kinene, kama ulivyoniambia. Bi Halima akadakia, na akina mama wa Lindi wakadakia bila kujua kwa nini, safu yetu yote ikawa vigelegele. Kijana mmoja mwenye utepe mkononi akaja kuniambia nikae, nazuia watu. Nikamwambia, "Mwanangu yule. Yule mwekundu ni wangu." Akanitazama, akatazama ng'ambo, akaondoka.

Huku nimeshasimulia kila mahali. Mwalimu Yohana amenifanya nisimulie mbele ya darasa. Magreth alinyamaza kimya, jambo ambalo sijaliona tangu tumekuwa majirani, kisha akasema kama ni hivyo basi mtoto ana mama. Naliweka neno hilo kama dhahabu. Sasa wananiita Mama Chekundu.

Umeitii sauti yangu, umeipitisha rangi yangu mbele ya dunia nzima. Mwenyezi Mungu akuzidishie.

Mama yako mwenye furaha,
Somoe binti Muhidini


Kikwajuni, Unguja
13 Februari 1974

Mama yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Bibi shangazi alinambia nikuache na furaha yako, kwamba haimdhuru mtu. Nimejaribu. Nimeandika barua mbili za kukushukuru, nikazichana.

Yule mwekundu hakuwa mimi, mama. Alikuwa Mwanakhamis.

Kurasa zake zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Alipofungua, ukurasa mweusi ulibaki umegandana na mwenzake, ule mwekundu ukatokea. Hakujua. Alijua alipomsikia Mwalimu Salumu akimwita baada ya sherehe. Aliambiwa kwamba wageni wa nchi zote wameona kosa lake moja na wamesahau mengine yote. Alilia njia nzima mpaka Kikwajuni. Mimi sikujua la kumwambia, kwa sababu nilikuwa nimesikia kigelegele na nilikuwa nimekijua ni cha nani.

Nilikuona, mama. Kitabu cha mtoto wa mbele yangu na cha Mwanakhamis vinaacha ufa mdogo, na ukikaza jicho unaona ng'ambo. Mwalimu hajui. Watu wote walikuwa wamekaa, vichwa tu kama mbegu. Akainuka mmoja. Sikuiona sura yako, ni mbali mno. Ila yule kijana alipokuja, uliweka mkono mmoja kiunoni na mwengine ukawa unamfundisha. Nikasema moyoni, mama yangu yule. Sikuwaza. Nilijua kabla sijawaza.

Halafu nikaona mkono wako unaonesha wapi. Ulikuwa haunioneshi mie. Ulikuwa unaonesha ubavuni kwangu.

Nilitaka kushusha kitabu. Nataka ujue hilo. Mikono yangu ilikuwa inataka yenyewe. Ningekishusha, ungeuona uso wangu, na pale katikati pangekuwa na shimo. Sikukishusha. Nilikishika mpaka bendera ikateremka, na kila siku tangu hapo najiuliza kama nilifanya vyema.

Sikuandikii nikulaumu. Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza, Mwanakhamis hana raha, na wewe unamsifu pasi na kujua, naona si haki. Ya pili ni lile ombi langu. Umenieleza kitone, na sauti ya bata, na kijana mwenye utepe. Hukunambia picha ilikuwa nini. Mimi nilikuwa ule weupe, mama. Ulikuwa weupe wa kitu gani?

Mwanao,
Mastura


Mtawanya, Mtwara
3 Machi 1974

Mwanangu Mastura,

Barua yako ilinikuta mbele za watu. Bi Halima na wengine walikuwa hapa kwangu tunamenya muhogo, wakaniambia nisome kwa sauti, wapate tena habari za Chekundu. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye jina la Mwanakhamis nikasimama. Nikasema macho yameingia moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Siku ile sikula. Nilikaa na hasira, kwanza juu yako, kisha juu ya mwalimu wako na unyevu wake, kisha juu ya yule aliyebuni kuwaficha watoto wa watu nyuma ya makaratasi. Zikaisha zote, nikabaki mimi. Nimempigia kigelegele mwali wa mwenzangu. Kwetu hapa mama wa namna hiyo ungemsikia anaimbiwa kwenye ngoma mpaka wajukuu. Na wangu alikuwa ubavuni pale pale, amenyamaza, ananitazama.

Kesho yake nikaenda kwa Magreth. Nilijua nikianzia kwake hakuna atakayeweza kunicheka zaidi. Nikamwambia yote. Nilingoja anivue nguo kwa maneno, ni haki yake. Aliendelea kuchambua mboga. Baadaye akaniuliza, "Sasa picha ilikuwa nini?"

Mwanangu, sijui.

Hiyo ndiyo kweli, na imenichoma kuliko lile la kwanza. Uliniomba jambo moja, na mimi macho yote niliyapeleka kwenye pilipili. Nimezunguka kuuliza. Bi Halima anasema ni kikonyo cha karafuu. Mwenzetu wa Mikindani tuliyesafiri naye anasema ni mkono umeshika taa. Wa tatu aliniambia wazi kwamba hakuona kitu, alikuwa ananitazama mimi ninavyopiga kelele. Nimemwandikia hata mmoja wa Lindi, amejibu ni pembe za ng'ombe. Watu wa Lindi.

Lakini Bi Halima nilipombana sana alifumba macho akasema neno, nakupa kama alivyolisema. Anasema karatasi nyingine zilikuwa zinatetemeka tetemeka, upepo au mikono ya watoto, ila ule weupe wa katikati haukutikisika. Alishangaa nani anaushika. Basi hicho ndicho ninacho. Sijui ulikuwa taa au ulikuwa karafuu. Najua ulitulia. Na mimi nilikuwa nanyoosha mkono, nakuita, na ukatulia. Hilo mimi nisingeliweza, nimeshawaambia wote, na mwalimu Yohana nimemwambia mbele ya darasa nikiwa nimesimama. Nilisema kuna mmoja tu katika ukoo huu mwenye uwezo wa kunyamaza, na nimemzaa mimi. Hawaniiti tena Mama Chekundu. Bado hawajakubaliana waniite nani.

Mwanakhamis mwambie hivi. Kigelegele nilichopiga ni chake, sikidai. Kikishatoka kinywani hakirudi. Katika kiwanja kizima kile, mimi sikuona kosa. Niliona mtoto. Kama mamake yupo msalimie, na kama hayupo basi na ajue kuna mwanamke Mtwara aliyesimama kwa ajili yake akagombana na mtu.

Nawe nikujibu lile swali la Darajani, nililolikimbia nikiwa juu ya kikapu. Ungenipita, Mastura. Nisingekujua. Ningekuitikia salamu nikaendelea na njia yangu nikisema watoto wa huku wana adabu. Nimeliandika, liangalie hapo, sikulifuta.

Nimemwandikia wifi yangu leo hii, barua ya pili iko ndani ya bahasha hii, mpe mkononi. Sikumlalamikia. Nimemwambia likizo hii nakutaka nyumbani, muhogo ukiisha nitakulisha korosho, na nauli nimempa nahodha mdogo, ndugu yake Magreth, mkononi mwake, si kwa ahadi. Mwanzoni atakataa. Mwambie nikiwa na kalamu mkononi sichoki, nitamwandikia kila juma mpaka achoke yeye.

Meli ikitia nanga hapa, watu hushuka wengi kwa pamoja na bandari hujaa. Usifunge kitambaa chochote. Usinipungie mkono wala usiniite, hata ukiniona naangaza huku na huku kama mjinga. Shuka na wenzako, simama katikati yao, kaa kimya kama ulivyokaa siku ile. Magreth nitamwacha nyumbani asije akanionyesha kwa kidole ulipo.

Nitakutafuta mwenyewe.

Mama yako,
Somoe binti Muhidini